Kipande cha Ua la Mpira

Akinyi alinipigia simu nikiwa uani kwangu hapa Suna, naanua nguo kabla mvua haijashuka. Hakusalimia. Alisema tu, "Sista Boke, Baba ametuacha," nami nikaketi juu ya ndoo bila kujua nimeketi. Siku ya mazishi niliondoka Migori mapema, nikapitia Rongo, na saa nne nilikuwa chini ya hema pale nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, nimebanwa kati ya akina mama wa kanisa lao la Kisabato. Kijana mmoja wa ukoo akasimama kusoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, akitua kila mahali pa kutua. Alipofika mahali pa kazi akasema kwamba marehemu aliendesha boti ya kliniki ya misheni kwa miaka mingi, kisha akaiacha kazi hiyo kwa sababu ya macho. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mimi nikainamisha uso, maana hayo maneno ya macho yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, nikiwa na miaka ishirini na minne, juu ya kiti cha mbao katika ofisi ya msimamizi, na sasa yalikuwa yamechapwa kwenye karatasi ya mazishi kana kwamba ni kweli.

Ya nyumbani Kehancha na jinsi nilivyoingia kwenye uuguzi nitayaacha. Nina mwaka mmoja tu wa kusimulia, katika ile miaka ya tisini, mwaka magugu maji yalipoifunga ghuba hata ukisimama gatini uliona kama shamba la kijani limetandikwa hadi ng'ambo. Nilipangiwa kazi ya chanjo kwenye boti iliyozunguka visiwani na kwenye fuo zisizo na barabara. Sisi Wakuria ni watu wa ng'ombe na milima. Maji mengi niliyokuwa nimeyaona ni ya mto uliofurika. Safari ya kwanza nilipanda boti nimefumba macho, nikakaa nikiwa nimelipa ziwa mgongo, nikalikumbatia sanduku la barafu lenye dawa, na kwa kuwa nilikataa kutazama mbele, kitu pekee nilichobaki nacho cha kutazama ni injini na mtu aliyeushika usukani wake. Mtu huyo alikuwa Baba Akinyi. Alikuwa na umri wa karibu miaka hamsini, mrefu, mkimya, na alivaa kofia ya sufu hata wakati jua linachoma. Hakunicheka. Alinionyesha kitundu kidogo ubavuni mwa injini ambako maji yalikuwa yakirukia nje, mchirizi mwembamba kama kamba ya kiatu.

"Kwa vile umekaa hivyo, Sista, nitakupa kazi," akasema. "Angalia hiyo mkojo. Injini ikikojoa iko sawa. Ikiacha, piga kelele."

Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike Homa Bay, kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa wodini pia: mgonjwa akikojoa una matumaini naye. Nikawa mlinzi wa mkojo wa injini. Hofu ya maji haikuisha siku hiyo, lakini ilipata shughuli, na mtu mwenye shughuli huogopa kidogo kidogo.

Alinieleza mambo yale kwa Kiswahili, kwa kuwa mimi sikuwa na Dholuo na yeye hakuwa na Kikuria, wala Kiingereza hakukipenda. Injini ya boti, alisema, haina tangi la maji la kujipoza kama gari. Inakunywa ziwa lenyewe. Chini kabisa, mguuni mwake, juu kidogo ya propela, kuna pampu, na ndani ya pampu kuna kitu cha mpira chenye ncha sita zilizolala upande mmoja. Yeye alikiita ua. Ua likizunguka linayasukuma maji juu kupitia mrija wa shaba hadi kwenye kichwa cha injini, yanazunguka humo, yanatoka na joto. Mchanga unalila ua. Matope yanalila. Likizunguka bila maji, hata kwa muda mfupi tu, linaungua na kukatika. Kila baada ya miezi michache alikuwa akilifungua na kulikagua, na kazi hiyo hakuifanya kwenye stoo ya misheni ambako upepo ulipeperusha vumbi, bali nyumbani kwake mtaa wa Shauri Yako, juu ya meza ya kulia chakula.

Chumba kile bado nakiona. Kilikuwa kimoja, kimegawanywa na pazia la maua mekundu. Upande wa ndani kitanda, upande wa nje meza, viti vinne vyenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa, redio, na kalenda ya kanisa. Jumapili ya kwanza aliponialika nilikuta mguu mzima wa injini umelazwa mezani juu ya magazeti, na mkewe, Mama Akinyi, amesimama mlangoni na sufuria mkononi. "Sista, wewe ni mgeni, niambie," akasema. "Kwenu Kehancha watu wanaweka chuma pahali pa ugali?" Baba Akinyi akaomba dakika kumi. Alichukua saa moja. Akinyi, aliyekuwa na miaka minane hivi, alikaa chini ya meza akiimba nyimbo za shule ya Sabato huku mimi nikishika kibakuli cha boliti. Baba yake aliniruhusu kulivalisha ua jipya. "Usipake grisi, grisi inakula mpira. Povu ya sabuni. Sasa zungusha kwenda kulia huku unasukuma, ndiyo ncha zote zilale upande wao." Nilizungusha, zikalala. Baadaye magazeti yakaondolewa, tukala samaki aina ya ngege wa kuchemsha na mboga ya mrenda iliyotiwa maziwa, na ugali wa mtama mweusi uliofanana sana na wa wimbi wa kwetu hata nikaumaliza kabla ya wengine. Mama Akinyi akaniongeza bila kuniuliza. Nimekula mezani pa watu wengi tangu wakati ule, wengine wakubwa, na sijui kwa nini harufu ya petroli na samaki kwa pamoja ndiyo inayoniletea hamu ya kurudi nyuma.

Kisha magugu yakaja. Yaliingia kwa upepo, yakafunga gati asubuhi na kufunguka jioni, na wavuvi walilazimika kuyasukuma kwa miti mirefu ili wapate njia. Siku moja tukitoka kwenye kisiwa kidogo, ambacho jina lake nitalihifadhi kwa ajili ya wenyewe, yalituzunguka katikati ya maji. Mizizi ikaziba matundu ya injini ya kunywea maji. Niliuona mkojo ukipungua, ukawa matone, ukakauka, nikapiga kelele, naye akazima mara moja, lakini ua lilikuwa limeshazunguka kavu. Wavuvi walituvuta hadi gatini. Kesho yake, bila kungoja kuipeleka nyumbani, Baba Akinyi alifungua pampu palepale stoo, akalitoa ua lililochanika, akavalisha jipya, akafunga. Tukaiweka injini kwenye pipa la maji na kuiwasha. Mkojo ulitoka, lakini mwembamba, wa kuchechemea, na muda si mrefu kichwa cha injini kikawa moto wa kutoshikika. Akaizima. Akakuna kichwa chini ya kofia. "Nitaifungua tena," akasema. "Kuna kitu."

Hakuifungua. Msimamizi wa kliniki alikuwa amesimama mlangoni pa stoo na ameyaona yote, na kabla spana haijashikwa aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, aliyeogopa barua kutoka juu. Akaniuliza, "Sista, wewe unakaa naye botini kila siku. Tatizo ni nini?" Ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa msichana aliyeulizwa jambo la ufundi na mkubwa, na nilitaka kuonekana najua. "Labda hakuifunga vizuri," nikasema. "Naona macho yake si kama zamani." Zamani ipi? Nilikuwa nimemjua miezi saba tu. Niliwahi kumwona mara moja akiisogeza boliti mbali na uso ili aitazame, basi, nikaijenga nyumba nzima juu ya boliti moja. Msimamizi akaandika. Nilipotoka nilimkuta Baba Akinyi kwenye benchi nje, akasimama, akaingia, na ukuta wa mbao ulikuwa mwembamba. Nilisikia kila neno. "Muuguzi mwenyewe amesema huoni vizuri. Usiiguse tena ile injini. Tutangoja fundi kutoka Kisumu." Kisha sauti yake, tulivu kabisa: "Sawa, Bwana."

Fundi wa Kisumu hakuja wiki ile, wala iliyofuata. Boti ilikaa juu ya mawe na injini juu ya kigogo chake stoo. Mimi nikahamishiwa wodi ya wazazi kwa muda. Baba Akinyi alipewa jembe akate nyasi za uwanjani, na kila nilipopita alisema "Habari ya asubuhi, Sista," kwa adabu ileile anayompa mtu asiyemjua. Adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Wiki ya tatu mvuvi mmoja akaleta habari kwamba surua imeingia kwenye kile kisiwa, na kwamba wamezika watoto watatu. Alisema hivyo akiwa anakunywa chai kwenye veranda ya kliniki, kama mtu anayetaja bei ya samaki, kisha akaimwaga chai yote iliyobaki kwenye nyasi. Dawa zilikuwa kwenye friji, hatua ishirini kutoka pale.

Jumamosi ya wiki ileile nilizalisha mama mmoja, mtoto akatoka salama, na kondo la nyuma likafuata. Nikalitandaza kwenye sinia kama tulivyofundishwa, nikaanza kuunganisha kingo. Sista mkuu wa wodi, mwanamke mzito asiyecheka, akasimama nyuma yangu na kuuliza swali ambalo huliuliza kila mara: "Limetimia? Au kuna kipande kimebaki ndani?" Maana kipande kikibaki ndani, hata kidogo kama ukucha, mama anaweza kuvuja damu hadi afe huku kila mtu akishangaa. Lilikuwa limetimia. Lakini mikono yangu ilibaki juu ya sinia. Nililiona ua la mpira lililochanika likitoka kwenye pampu, likitupwa kando, ua jipya likivalishwa. Hakuna aliyelitandaza lile la zamani. Hakuna aliyehesabu. Nilivua glavu, nikaomba ruhusa, nikatembea hadi Shauri Yako nikiwa bado na aproni.

Ilikuwa Sabato. Mama Akinyi alinifungulia, akaniangalia, akanionyesha kiti bila neno, akapita nyuma ya pazia. Miezi ile ya kukaa Homa Bay ilikuwa imenipa Dholuo ya kutosha kuelewa, ingawa wao hawakujua. "Ni yule aliyesema huoni," mke akanong'ona. "Leo anataka nini?" Kitanda kikalia. Mume akajibu, "Mpe uji kwanza. Ametembea kwa jua." Nikaletewa uji, nikaunywa wote. Alipotoka na kuketi mbele yangu, nilikuwa nimepanga kuomba msamaha. Nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa ni pampu.

"Baba Akinyi, lile ua la zamani liko wapi?"

Hakuwa mtu wa kutupa kitu. Akinyi akatumwa chini ya kitanda, akarudi na mkebe wa mafuta ya kupikia uliojaa washa za boliti, misumari na vipande vya mpira. Baba Akinyi akasema Sabato haruhusiwi kushika spana, lakini kutazama si kazi. Tukayamwaga mezani. Nikalitandaza ua kama kondo, ncha kwa ncha, nikizirudisha mahali pake zile zilizokuwa zimekatika. Sita zinapaswa kuwa. Tano zilikuwa kamili. Ya sita ilikuwa na shina tu. Kichwa chake, kiasi cha mbegu ya boga, hakikuwapo mezani, wala mkebeni, wala chini ya meza. Baba Akinyi akavua kofia. "Iko kwa mrija," akasema polepole. "Ilipanda na maji, ikakwama huko juu. Na mimi nililiweka ua jipya chini yake." Akajipiga paji la uso kwa kiganja. "Hiyo ndiyo nilitaka kufungua niangalie. Hiyo."

Hapo ndipo nilipojaribu. "Ni mimi niliyesema juu ya macho."

"Najua. Alinisomea."

"Sikujua kwamba..."

"Sista," akanikatiza, bila ukali. "Uliulizwa, ukajibu. Lakini mimi nilikuwa hapo nje kwa benchi. Hatua tano. Ungeniuliza mimi."

Aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akilitazama ziwa kati ya mapaa ya mabati. Nimekuwa mkubwa wa wodi tangu siku zile, nimeulizwa mara nyingi juu ya wauguzi vijana na makosa yao, na sijawahi kutia sahihi kabla sijatoka nje kumtafuta mwenyewe kwenye benchi lake. Watu husema mimi ni mzito wa kuamua. Wacha waseme.

Jumapili asubuhi, msimamizi akiwa misa, nilifungua stoo. Ufunguo nilikuwa nao kwa sababu friji ya chanjo ilikuwa humo. Baba Akinyi alikuja, akasimama nyuma yangu na mikono yake ameishikanisha mgongoni. "Nimekatazwa kuigusa," akasema, "kwa hivyo utaigusa wewe." Nami nikaigusa. Alinitajia kila hatua, na hakunyoosha mkono hata nilipoteleza na kujichubua vidole: nilegeze boliti za chini kwanza, niitenge fimbo ya gia, niushushe mguu taratibu, niweke kila kitu kwenye sinia kwa mpangilio wa kutoka. Nilipouona mrija wa shaba niliingiza koleo refu jembamba nililoazima wodini. "Usilazimishe," akasema. "Ukisukuma utaipandisha zaidi. Gusa. Umeisikia? Sasa shika." Nilikisikia kitu laini kikikwepa, mara moja, mara ya pili, kisha kikashikika. Kilitoka cheusi na kimelowa. Nikakiweka kwenye shina la ncha ya sita na kikakaa sawasawa. Nikarudisha kila kitu kinyumenyume, povu la sabuni kwenye ua, kuzungusha kulia, gasketi, boliti, pipa la maji. Nilivuta kamba mara nne kabla injini haijawaka. Mkojo ukaruka mnene, ukapita ukingo wa pipa na kumlowesha suruali, naye akauweka mkono wake chini ya maji yale na kuuacha hapo muda mrefu.

"Vuguvugu," akasema. "Ni nzuri."

Msimamizi alitukuta hivyo, amevaa suti ya misa. Akauliza nani ameifungua. Nikasema ni mimi, na kwamba kila neno la kuifungua lilitoka kwa Baba Akinyi, na kwamba lile la macho nililisema bila kujua, alifute. Alitazama mikono yangu iliyojaa grisi, akamtazama mwenzangu, akasema tu, "Kesho asubuhi mwende." Kama alifuta, sijui. Mwisho wa mwaka Baba Akinyi aliaga mwenyewe, akaenda Sori, upande wa Migori, akawa fundi wa injini za wavuvi. Nilimtembelea huko mara kadhaa. Hata akiwa na mvi kichwa kizima aliweza kuitia boliti ndogo kwenye tundu lake bila miwani.

Jumatatu tulitoka kabla jua halijakolea. Wavuvi walitufungulia njia kwa miti yao, na kila mara magugu yalipokaribia alizima, akainua injini, akaondoa mizizi kwa mkono, akashusha, akawasha tena. Safari ya saa moja ikawa saa tatu. Ufukweni akina mama walikuwa wamejipanga mstari tayari, hakuna aliyeimba wala kupiga vigelegele kama siku zote. Nikafungua sanduku la barafu, nikaanza. Mama wa nne au wa tano alikuwa na mtoto mdogo mgongoni na uso uliovimba kwa kulia. Alikuwa amemzika mkubwa wake siku tisa zilizopita. Hakumshusha mtoto. Alisimama mbele ya meza akauliza kwa Dholuo, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Mlikuwa wapi?"

Baba Akinyi alikuwa amebeba maboya karibu nasi. Akayaweka chini. "Injini ilikufa, mama," akamjibu kwa lugha yao. "Kosa ni langu. Mimi ndiye mwenye injini."

Mstari mzima ukamgeukia. Mtu mmoja nyuma akasema neno lililonifanya nifumbe macho. Yeye alisimama tu, mikono imening'inia, akiwa tayari kulipokea lolote ambalo lingekuja. Hakunitazama. Angeweza kunitazama, na nadhani kama angefanya hivyo nisingepata nguvu. Niliweka sindano kwenye sinia. Sikuwahi kusema Dholuo mbele ya watu; nilikuwa nikiisikiliza tu, nikiificha.

"Ok en," nikasema. Si yeye. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, nikairudia kwa nguvu. "Ok en. An ema aketho." Mimi ndiye niliyekosea. Nikaendelea, kwa maneno machache niliyokuwa nayo na mengine ya Kiswahili niliyoyachomeka katikati, kwamba huyu alitaka kuitengeneza siku ileile na mimi nikasema vibaya juu yake, wakamzuia, na ndiyo maana hatukuja. Mama yule alinitazama. Sikuona msamaha usoni mwake, na hadi leo sijawahi kujidanganya kwamba niliuona. Kisha akafungua kanga, akamzungusha mtoto mbele, akavuta mkono wa kijishati hadi begani.

"Haya," akasema. "Mdunge huyu."

Nikamdunga. Nikawadunga wote hadi barafu ilipokuwa maji, na hakuna mtoto aliyekuja tukamkosesha. Jioni tukielekea Homa Bay, upepo ulikuwa umeyasukuma magugu upande wa pili na ghuba imefunguka. Baba Akinyi aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya goti. Tulikuwa tumefika karibu kuona mapaa ya mji alipoinama kuelekea kwangu ili nimsikie juu ya kelele za injini.

"Dholuo yako ni mbaya sana, Sista," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu nikayaona meno yake. "Mbaya kabisa. Lakini wamekuelewa wote."